Niliachia vijiti, helikopta ikabaki hewani

Ilikuwa Jumamosi asubuhi na mapema, kiwanja cha mpira cha kijiji kimoja nje kidogo ya Iringa mjini, jua ndo linachomoza na upepo bado haujaanza vurugu zake. Helikopta mpya ilikuwa hewani, usawa wa kifua, mita kama nane mbele yangu, mkia umenielekea. Nikatoa vidole gumba kwenye vijiti vya rimoti. Vyote viwili.

Ikabaki palepale.

Watoto wakashangilia, mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akashuka kabisa akaiegemeza kwenye goli, mpwa wangu akawa anarekodi na simu huku anatangaza, "Oneni, anko hashiki kitu, anko hashiki kitu!" Na kweli nilikuwa sishiki kitu. Kidude cha GPS kilichopo juu ya bomba la mkia kilikuwa kinasoma setilaiti, kompyuta ndogo iliyoko chini ya rota (yale mapanga yanayozunguka na kichwa chake) inapiga hesabu zake, na mashine imetulia hewani kimyaa ukiacha ule mlio wa mapanga.

Nikaishusha, nikachomoa betri, nikaenda kukaa chini ya mkaratusi. Miezi yote naisubiri hii helikopta na siku yenyewe ndo hii imeruka salama, haina hata mkwaruzo, lakini ile furaha niliyoitegemea sikuiona. Nikajiuliza labda nimechoka. Sikuwa nimechoka.

Wiki kadhaa sasa swali moja limenikaa kooni: pale juu, aliyekuwa anarusha ni nani?

Chopa

Mambo ya vibali vya kurusha wasomaji wangu wa siku nyingi mnayajua, sirudii, ila karatasi ninazo na natembea nazo kwenye bahasha kila ninapotoka. Mashine yenyewe ni saizi wanayoiita 450, mapanga mawili makubwa ya milimita 325 kila moja, yakizunguka yanachora duara la karibu sentimita 70, uzito na betri yake ni kama kilo moja. Mwili ulikuja kwa agenti wa Guangzhou mpaka Kariakoo, alafu basi mpaka Iringa. Betri zilikuja peke yake, kwa meli, kwasababu betri za lithiamu kuzipakia kwenye ndege ni kesi nyingine, kwa hiyo nilikaa na helikopta isiyo na betri muda mrefu tu, naiangalia kwenye kabati.

Kwa sisi tuliokulia huku helikopta ni chopa, na chopa ni kampeni. Mwaka wa uchaguzi ndo tunaiona, inakuja inazunguka juu ya mji, walimu wenyewe wanashindwa kutuzuia, tunakimbilia kiwanjani, vumbi linaingia machoni na hakuna anayejali. Wagombea walikuwa wanashuka na kupanda jukwaani, mimi nilikuwa namwangalia rubani. Alikuwa amevaa miwani na hasemi na mtu. Hotuba hata moja siikumbuki lakini kile alichokuwa anafanya na mkono wake wa kushoto pale inapoinuka nakikumbuka mpaka leo, ananyanyua kitu taratiibu sana, na jumba zima la chuma linaachana na ardhi.

Ndo maana hata watoto wa pale kiwanjani swali lao la kwanza lilikuwa, "Anko, na mgombea yuko wapi?"

Kwa hiyo hamu yangu ina miaka mingi. Na hamu hiyo haikuwa ya kuangalia kitu kimesimama hewani chenyewe. Ilikuwa ya ule mkono.

Mapanga hayana utani

Kabla sijaenda mbali niseme hili maana naona vijana wengi wanaulizia bei tu. Duara la sentimita 70 likizunguka mara 2,700 kwa dakika, ncha ya panga inakwenda zaidi ya kilomita 350 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe. Mwaka 2013 huko Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19, tena mzoefu, alikufa kwa kupigwa na helikopta yake mwenyewe ya rimoti. Ile ilikuwa kubwa kuliko yangu, lakini hata yangu ikimpata mtoto usoni hakuna cha kuzungumza.

Kwa hiyo kiwanjani nina kamba, na kamba haivukwi. Mpwa wangu kazi yake ya kwanza ni kamba, kurekodi baadae.

Na usiku wa kuamkia siku ya kuruka nakaa nayo mezani. Helikopta ikitoka kiwandani imefungwa tayari, wengi wanachaji na kuruka, mimi siwezi. Nafungua skrubu moja moja zile za chuma kwa chuma, naifuta mafuta, natia tone la gundi ya skrubu, narudisha. Hasa ile inayoshika shafti inayopita katikati ya kichwa cha rota, maana hiyo ndo inayozuia mapanga yasichomoke. Skrubu yenyewe ni ndogo, ukiiweka kwenye kidole inakaa juu ya kucha. Nikiwa naizungusha na alenki najua kabisa kwamba kila kitu kesho kinaning'inia hapo. Alafu mapanga nayabandika utepe kwenye ncha, moja nyekundu moja bluu, ili yakizunguka niangalie kwa ubavu kama yanapita njia moja. Yakipishana unaona mistari miwili, mmoja juu mmoja chini, na mashine inatetemeka. Unasimamisha, unafupisha kifimbo kinachoinamisha panga la juu, nusu mzunguko, unaanza upya. Kazi hii naipenda kuliko ninavyoweza kueleza. Mke wangu anapita anasema chai imepoa, namwambia nakuja.

Kusimama ndo kazi

Watu wanadhani ugumu wa helikopta ni kuikimbiza. Hapana. Ukiikimbiza inatulia, hewa inapita, inashika mwelekeo wake. Ugumu ni kusimama sehemu moja, kwasababu helikopta haina sehemu inayotaka kukaa. Ndege ya mabawa ukiiachia vijiti kama imetengenezwa vizuri inaendelea kwenda. Helikopta ukiiachia inaanza kuhama, kuhama kunazaa kuinama, na kuinama kunazaa kuhama zaidi.

Na kila kitu kimeungana. Rota kubwa ikizunguka kulia, mwili unataka kuzunguka kushoto, ndo maana ya rota ya mkia. Sawa, lakini rota ya mkia yenyewe ili izuie mwili usizunguke inabidi isukume hewa pembeni, na ikisukuma inaisogeza mashine yote kushoto. Kwa hiyo helikopta ya aina hii ikiwa imesimama vizuri kabisa hewani, ukiiangalia kwa nyuma imeinama kidogo upande wa kulia. Sio kwamba imeharibika. Ikinyooka kabisa ndo utaona inaanza kuondoka. Ongeza moto (nguvu ya motor) kidogo, mwili unavutika, mkia unadai zaidi, ubavu nao unadai zaidi. Gusa kimoja umegusa vyote.

Mama yangu alikuwa anatoka mtoni na ndoo ya maji kichwani bila kuishika, anaongea na wenzake, anacheka, anaruka mfereji, na maji hayamwagiki, na ukimwangalia shingo kwa makini utaona haijatulia hata sekunde moja, inafanya kazi muda wote kidogo kidogo, ila yeye hajui kama anafanya. Kuelea ndo huko. Mkono unatakiwa ufike hapo pa mama.

Sasa GPS ikishika, shingo inayofanya kazi sio yako.

Iringa siyo Tanga

Nina jamaa yangu Tanga, tulinunua mashine zinazofanana, oda moja, agenti mmoja. Yeye anarushia karibu na bahari. Tukawa tunatumiana voisi kila wikiendi, na mapema kabisa tukaona kitu, kwamba helikopta yake inaachana na ardhi kijiti cha moto kikiwa karibu katikati, yangu mpaka nikivushe katikati ndo inanyanyuka, na ikishuka inashuka kwa haraka kuliko yake. Dakika zake za betri ni nyingi kuliko zangu. Yeye akasema motor yangu mbovu, nirudishe.

Motor haikuwa mbovu. Iringa tupo mita zaidi ya 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kwa urefu huo hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 14 ukilinganisha na ya pwani. Panga linanyanyua kwa kusukuma hewa chini, hewa ikiwa pungufu inabidi ama uliinamishe zaidi panga ama ulizungushe kwa kasi zaidi. Karatasi iliyokuja kwenye boksi inasema mizunguko 2,500 kwa dakika na imeishia hapo, haijui kuna watu wanaishi milimani. Nguvu ya kunyanyua inakua kwa kasi mara kasi, kwa hiyo asilimia 14 haitaki nyongeza kubwa, nikapandisha mpaka 2,700 na mashine ikawa nyingine kabisa. Ikashika. Ukigusa inajibu.

Ndo nikakumbuka ile helikopta ya Mars.

Ingenuity, iliyopelekwa na NASA pamoja na gari la Perseverance, kwa kweli ukiiangalia vizuri ni ndugu wa hizi zetu. Kilo 1.8. Rota mbili, moja juu ya nyingine, zinazunguka kinyume, upana mita 1.2. Tarehe 19 Aprili 2021 ilinyanyuka mita 3, ikaelea, ikashuka, yote sekunde 39, na ndo ikawa mara ya kwanza chombo cha binadamu kuruka kwa injini yake kwenye sayari nyingine. Hewa ya Mars ni kama asilimia 1 tu ya hii yetu, kwa hiyo mapanga yake yalikuwa yanazunguka zaidi ya mara 2,500 kwa dakika, na mwaka huohuo msimu wa kule ulipobadilika hewa ikazidi kuwa nyepesi, wakapandisha mpaka 2,700.

2,700! Nilikaa na hiyo namba usiku mzima. Watu wa NASA kule California wanahangaika na mashine iliyo mbali kiasi kwamba redio inachukua dakika kadhaa kufika, na mimi nahangaika na yangu kiwanja cha mpira, na dawa ni ileile. Nilimtumia jamaa wa Tanga voisi ndefu sana kuhusu hili, akanijibu "safi kaka" basi. Yeye ana hewa nzito, haimhusu.

Ila Ingenuity ilinirudisha kwenye lile swali langu, tena kwa nguvu. Ile haikuwa na mtu kwenye vijiti. Haiwezekani, ukisukuma kijiti leo amri inafika mashine imeshaanguka zamani. Ilikuwa lazima ijirushe yenyewe. Na hakuna mtu mwenye akili atasema haikuruka, au walioitengeneza hawakurusha kitu. Walilia pale walipopata data, nani asingelia? Basi kwa nini yangu ikijishikilia naona nimenyang'anywa kitu?

Msaada ni wa zamani kuliko sisi

Nikawa najibishana mwenyewe siku nyingi. Na ubishi uliniwia mgumu kuliko nilivyodhani kwasababu msaada kwenye helikopta haukuanza na GPS.

Kuna Mmarekani aliitwa Arthur Young. Huyu zaidi ya miaka kumi, tangu mwisho wa miaka ya 1920, alikuwa anatengeneza modeli ndogo za helikopta, huko Pennsylvania, zinapaa zinaanguka, zinapaa zinaanguka. Mpaka akapata wazo la kuweka fimbo yenye vizito kwenye ncha zake, inazunguka pamoja na rota lakini imekaa mkingamo na mapanga. Fimbo ikishazunguka inataka kubaki kwenye usawa wake, mwili ukiyumba fimbo haiyumbi haraka, na kwa vile imeunganishwa na mapanga inayarudisha. Mwaka 1941 akaenda na modeli kwenye kampuni ya Bell, wakaiona inaelea imetulia, wakampa kazi. Kilichotoka hapo ni Bell 47, ambayo tarehe 8 Machi 1946 ikawa helikopta ya kwanza kupewa cheti cha matumizi ya kiraia.

Yani helikopta kubwa ile ilizaliwa na modeli. Hili huwa nawaambia wanaosema nachezea midoli.

Lakini angalia alichogundua ni nini. Msaada. Kitu kinachomsaidia mtu asife. Na modeli zetu nazo miaka mingi zilikuwa na fimbo ya aina hiyo juu ya rota, wakubwa walioanza zamani wanaijua, siku hizi imeondolewa na kazi yake inafanywa na jairo za kielektroniki, vidude vinavyohisi mashine ikianza kuyumba. Mjerumani Dieter Schlüter, ambaye mwaka 1970 aliweka rekodi ya dunia kwa kurusha helikopta ya rimoti zaidi ya dakika 27 bila kutua na nyingine ya kwenda umbali wa kilomita 11.5, mkia wa mashine yake alikuwa anaushika kwa kidole tu. Hana jairo. Ukimletea yule mzee helikopta yangu nikiwa nimezima GPS na kila kitu, nimeacha jairo tu, si angeniambia na wewe unasaidiwa?

Angesema kweli.

Hapo nilikwama kabisa. Nikaona basi hakuna mstari, yote ni msaada, nibonyeze GPS niendelee na maisha. Nikawa sijaigusa mashine wikiendi mbili tatu hivi, nasingizia mvua.

Swichi chini

Kilichonitoa hapo ni kitu kidogo cha kiufundi, na nilikiona nikiwa natengeneza setingi tu, betri imechomekwa, motor nimezitoa nyaya, helikopta nimeishika mkononi.

Nikaweka modi ya mkono, jairo peke yake. Nikaiinamisha ghafla kulia. Sahani iliyo chini ya rota, ile inayoinamisha mapanga, ikaruka kupinga, ile sekunde ninayoinamisha. Nikaacha kuinamisha, nikaishikilia palepale imeinama. Ikatulia. Haikudai kurudi. Kwake yeye kuinama sio kosa, kilichokuwa kosa ni mtikisiko ambao sikuuomba kwenye vijiti. Imeshapita, yeye amemaliza, hajui juu ni wapi wala chini ni wapi. Nikaweka modi ya kati, ile ya kujinyoosha, nikaiinamisha, sahani ikakaza na ikaendelea kukaza mpaka niliponyoosha. Hii inajua chini ni wapi. Nikatoka nje nikaweka GPS, nikasubiri setilaiti, nikatembea nayo hatua chache kuelekea kwenye banda la kuku, na ile sahani ikaanza kuinama taratibu kurudi nilikotoka.

Hii inajua inataka kuwa wapi.

Nilisimama pale na helikopta mkononi, kuku wananiangalia. Kumbe mstari upo. Jairo inazuia upepo usinipokonye, lakini haina mahali inapopataka. Fimbo ya Arthur Young pia ni hivyohivyo, inachelewesha kuyumba ili binadamu awahi, ila kama helikopta inahama kuelekea kwenye miti fimbo haina habari, anayeona ni rubani. Msaada wa namna hiyo unaniachia macho na unaniachia uamuzi. GPS inachukua vyote, mimi nabaki kutoa maombi: naomba mbele kidogo, naomba kushoto. Kwa Mars ni sawa kabisa maana hakuna jicho la mtu kule. Iringa jicho lipo, ni langu, mita nane tu.

Jumamosi iliyofuata nikaenda na fito mbili za mianzi (mianzi huku sio shida, ulanzi tunaokunywa unatoka wapi), nimezifunga msalaba chini ya miguu ya helikopta na kwenye ncha nimechomeka mipira ya ping pong, hii inazuia isilale ubavu ikitua vibaya. Kamba ikafungwa. Swichi ya modi nikaishusha chini kabisa, modi ya mkono.

Nikapandisha moto.

Ikawa nyepesi kwenye miguu, ikaanza kuteleza kushoto, kidole kikaenda kulia, ikasita. Nikaongeza. Ikaachana na majani sentimita kama ishirini na hapo ndo shughuli, inaserereka huku na kule, nakimbizana nayo, nimeacha kupumua. Jamaa wa Tanga alikuwa kwenye video, mpwa amemshikia simu, akapiga kelele, "Kaka unang'ang'ania chini! Hapo ndo pabaya, hewa yako mwenyewe inagonga ardhi inakurudia, panda juu, panda mpaka kiunoni!" Roho inasema shuka, mtu wa Tanga anasema panda. Nikapanda.

Alikuwa sahihi kwa asilimia zote. Ilipovuka urefu wa duara lake la rota ikatoka kwenye ile hewa chafu, na ghafla kila kitu kikawa safi, nikigusa naona nilichogusa. Ilikuwa inahama, ndio, kushoto kidogo, nyuma kidogo, lakini nilikuwa naiona kabla haijafika mbali, na vidole vikaanza kwenda vyenyewe kabla sijaviambia. Haikusimama palepale hata kidogo. Ilikuwa inazungukazunguka ndani ya eneo la kama kitanda cha sita kwa sita. Ukiangalia video yenyewe utasema mbona ile ya GPS ilikuwa nzuri zaidi.

Taimaa ikalia nikashusha. Mikono ilikuwa inatetemeka na shati limelowa mgongoni, asubuhi ya baridi ya Iringa, na nilikuwa nacheka peke yangu. Ile furaha iliyokosekana siku ya kwanza ilikuwa imekuja yote na ya nyuma.

Pua kwangu

Sijamaliza. Mkia ukinielekea naweza, ubavu naweza kidogo, ila pua ikinigeukia bado ni mtihani, kulia inakuwa kushoto, mbele inakuwa nyuma, na ubongo unajua lakini kidole hakijui. Ushauri nilioukuta kwa wakongwe ni huu, usifikirie kulia wala kushoto, angalia upande ulioinama, sukuma kijiti upande huohuo kama unaenda kuuegemeza. Unafanya kazi. Kwenye simuleta (programu ya kompyuta ya kujifunzia kurusha) nimeufanya mpaka ukawa wangu, kiwanjani unafanya kazi mpaka pale jua likiwa nyuma ya mashine, ikabaki kivuli cheusi, hapo huoni kama ni pua au mkia.

Na hii ndo iliyoua Ingenuity pia, kwa namna yake. Ilipangiwa majaribio machache tu, ikaruka mara 72. Ilikuwa inajua ilipo kwa kamera inayoangalia chini, inafuata mawe na alama za ardhini. Tarehe 18 Januari 2024 ilikuwa juu ya mchanga mtupu uliofanana kila upande, alama hakuna, ikapoteza hesabu, ikatua vibaya, mapanga yakavunjika. Niliposoma hilo nilisikitika kabisa, maana nakijua kile kitu. Unaiangalia, ipo mbele yako, na hujui imekaaje.

Kwa ajili hiyo kitufe chekundu sijakifuta. Helikopta yangu ina kitufe ukikibonyeza inajinyoosha na kupanda juu yenyewe, na kiko palepale kwenye kidole cha shahada. Pua ikinigeukia nikapotea, nabonyeza. Kuna wanaosema hiyo ni kujidekeza. Mimi nasema watoto wapo nyuma ya kamba, na helikopta iliyopotea haichagui pa kuangukia.

Tunabishana bado

Kinachoendelea sasa ni ubishi mwingine. Mpwa wangu ana miaka 14 na anataka kurusha, ameshakuwa mtu wa kamba vya kutosha. Jamaa wa Tanga anasema aanze na GPS, apate moyo, aone mashine imetulia, hofu ikiisha ndo azime kidogo kidogo, hata watoto wanaendesha baiskeli zenye vigurudumu vya pembeni. Mimi nasema hapana. Akishazoea mashine inayojua pa kukaa, macho yake hayatajifunza kuona kuhama, na siku setilaiti zikipotea atakuwa na kilo moja ya mapanga mkononi na hajui kitu. Aanze na simuleta, akishaweza kushika pua kwake kule, aje kiwanjani na miguu ya mianzi, swichi chini, mimi pembeni na kidole kwenye rimoti ya pili iliyounganishwa na yake.

Rimoti ya pili nimeshaagiza. Kaka wa Tanga anasema nitamkatisha tamaa mtoto, na anaweza kuwa na hoja, yeye kafundisha watu wengi kuliko mimi, kwa hiyo tumekubaliana akija huku wikiendi ndefu mwezi ujao atamwangalia kwanza kwenye simuleta kabla hatujagusa betri. Mwenyewe mpwa tulipomuuliza akasema anataka ile ya kushika.